Elara: Mfalme Aliyesifiwa na Adui Zake

Ni nadra, ndugu msomaji, kumwona mshindi wa vita akimheshimu adui aliyemwua kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo lasimuliwa kuwa lilitokea katika kisiwa cha Lanka, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na aliyeheshimiwa ni mfalme Mtamil aitwaye Elara.

Elara alitoka nchi ya Wachola, kusini mwa Bara Hindi, akavuka bahari na kuutwaa mji wa Anuradhapura, makao ya wafalme wa kisiwa hicho. Hesabu iliyozoeleka huuweka utawala wake kati ya mwaka 205 na 161 kabla ya Kristo, yaani miaka 44. Alikuwa mgeni, tena hakuifuata dini ya Buddha iliyokuwa imekwisha kuenea huko. Ungetazamia basi aitwe mnyang'anyi tu.

Lakini Mahavamsa, kitabu cha kumbukumbu kilichotungwa na watawa wa Kibuddha yapata karne ya 5 baada ya Kristo, chasema kuwa aliwahukumu rafiki na adui kwa haki moja. Kwenye kichwa cha kitanda chake ilitundikwa kengele yenye kamba ndefu, ili kila aliyedhulumiwa aivute. (Wangapi kati yetu wamekaa kutwa nzima kwenye benchi la ofisi wakimngoja mkubwa!)

Siku moja mwanawe, wa pekee wa kiume, alipita njiani kwa gari la farasi. Ndama alikuwa amelala hapo kando ya mama yake. Gurudumu likampita shingoni, akafa. Ng'ombe yule, kwa uchungu, akaenda akaivuta kamba. Mfalme alipokwisha kujua kisa chake, aliamuru mwanawe akatwe kichwa kwa gurudumu lile lile.

Hukumu hiyo yatisha. Kijana hakukusudia kuua, na sheria za leo hutofautisha mambo hayo mawili. Tena kitabu hakisemi neno lolote juu ya mama wa kijana. Ng'ombe alisikilizwa, yeye hakuulizwa. Hata hivyo wasimulizi walitaka tuone kitu kimoja: kwamba sheria haikukoma kwenye mlango wa mtawala.

Watamil wa India nao wanacho kisa hicho hicho. Kwao mfalme huitwa Manu Needhi Cholan, na mji ni Tiruvarur. Katika Periya Puranam, utenzi wa dini wa karne ya 12, mungu Shiva anawafufua ndama na kijana pia. Sanamu ya mfalme huyo imesimamishwa katika viwanja vya Mahakama Kuu ya Madras, mji uitwao Chennai tangu mwaka 1996.

Wako na wengine walioivuta kengele ya Elara. Bikizee mmoja alianika mpunga, mvua isiyo ya majira ikaulowesha. Mfalme akafunga, asile chakula, mpaka miungu ikakubali mvua inyeshe mara moja tu kwa juma, tena usiku wa manane.

Mwisho wake ulitoka kusini, kwa kijana Dutugemunu, shujaa mkuu wa Mahavamsa na wa Wasinhala hata leo. Walipambana juu ya tembo karibu na lango la kusini la Anuradhapura. Elara, ambaye sasa alikuwa mzee, alirusha mkuki akamkosa. Wa Dutugemunu ukampata.

Mshindi akawakusanya watu kwa ngoma, akauchoma mwili kwa heshima za kifalme, akajenga kaburi pale pale alipoanguka adui yake. Akaamuru kwamba yeyote apitaye hapo, hata mfalme, anyamazishe ngoma zake.

Karne nyingi baadaye Watamil na Wasinhala walipigana vita vikali, tangu mwaka 1983 hadi 2009, na majina ya wafalme hawa wawili yakatumiwa kuchochea chuki. Lakini mwaka 1818, maandishi ya enzi ya Waingereza yasimulia, mkuu mmoja wa Kandy aitwaye Pilima Talawe alikuwa akikimbia baada ya uasi wao kushindwa. Alipofika karibu na Anuradhapura alishuka katika machela yake, ingawa alikuwa hoi kwa uchovu. Hakujua hasa kaburi lilipo. Akatembea kwa miguu mpaka alipohakikishiwa kuwa amelipita mbali.