Ubao wa duka, karatasi dirishani na bango la mgombea: sheria inasemaje?

1/ Kila kaunti ikileta Mswada wa Fedha, vita ni vile vile. Mmoja anasema, "Sasa wanatutoza hadi kwa kuandika jina la duka!" Mwingine anamjibu, "Mji umejaa mabango hadi huoni nyumba." Baada ya hapo ni matusi tu. Tulieni kidogo tuichambue hii maneno polepole.

2/ Kwanza, nani ana mamlaka? Wengi hudhani kanjo walijipa kazi wenyewe. La. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, pamoja na kelele na kero nyingine za umma. Kwa hivyo anayewania ubunge wa kitaifa akikuahidi kwamba atakufutia ada ya ubao wa kinyozi, huyo anakuuzia mbuzi wa jirani. Swali hilo ni la gavana na mwakilishi wadi wako.

3/ "Lakini si ni ukuta wangu?" Ni wako, na Kifungu cha 40 kinalinda mali yako. Ila Kifungu cha 66 kinaruhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi kwa sababu kama usalama, afya na mipango ya ardhi. Bango likianguka halichagui aliye chini yake. Kwa hivyo kaunti ina haki ya kuuliza ukubwa wake, limefungwaje, litakaa siku ngapi, na kama linamziba dereva asione mbele.

4/ Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Kusimamia ni kitu kimoja, kutoza ni kingine. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Kwa kaunti, ada hizi kwa kawaida ziko kwenye Sheria ya Fedha, katika majedwali ya nyuma ambayo hakuna anayeyasoma. Askari akikuambia ubao wako unadaiwa, muulize kwa heshima: "Iko wapi kwenye jedwali?" Kama haiko, hana msingi wa kukudai. Kama iko, kelele za mtandaoni haziifuti.

5/ Sasa dirisha. Umebandika karatasi ndani ya kioo: "Chapati moto 20/=". Hilo ni tangazo la nje? Jibu liko kwenye kurasa za mwanzo za sheria ya kaunti yako, pale wanapoeleza maana ya maneno. Wakisema tangazo ni chochote kinachosomeka kutoka barabarani, karatasi yako imenaswa. Wakisema ni kilichowekwa nje ya jengo, umepona. Sentensi moja tu, na inagusa kila kibanda chenye kioo. Hiyo ndiyo ya kupigania mswada ukiwa bado mswada.

6/ Halafu kuna ya muda: kitambaa cha "Ofa wiki hii", kibao cha "Vyumba viko", tangazo la harambee. Na lile maandishi tunayoyajua sote: SHAMBA HILI HALIUZWI. Hilo haliuzi kitu, ni mtu anajikinga na matapeli. Sheria nzuri inatenganisha haya yote: cha mwenye nyumba kidogo kinaachwa, cha sherehe kinapewa siku, cha biashara kubwa kinalipiwa. Sheria mbaya inayatia yote kwa neno moja na kumwachia askari aamue. Askari akiachiwa kuamua, bei inakuwa ya maelewano, na unajua maelewano hayo huishia mfukoni mwa nani.

7/ Mitego miwili kwa wenye maduka. Moja: kampuni ya soda au ya simu inakupakia rangi bure. Kaunti inaweza kuhesabu ukuta wote kuwa tangazo. Kabla ya kukubali, kampuni iandike ni nani atalipa ada. Mbili: ukisimamisha bango kwenye hifadhi ya barabara kuu, hapo ni eneo la mamlaka ya barabara ya kitaifa. Kibali cha kaunti peke yake hakitakuokoa.

8/ Tuje kwa siasa sasa. Mwenye saluni analipia ubao wake. Kampeni zikifika, usiku mmoja unafunikwa na sura ya mgombea, gundi hadi mlangoni. Atakuambia ni uhuru wa kujieleza, Kifungu cha 33. Uhuru huo upo na tuulinde, kwa sababu kaunti inaweza kutumia sheria ya mabango kuzima wapinzani. Lakini Katiba inalinda maneno yake, haimpi ukuta wako.

9/ Kipimo ni rahisi: je, bango la aliye mamlakani lingeng'olewa kwa kosa hilo hilo? Kama la mpinzani linang'olewa asubuhi na la mkubwa linakaa hadi linapauka, hiyo si sheria tena. Na kwa mashabiki: Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zinapinga kuraruliwa kwa vifaa vya kampeni vya wengine. Usimtie mgombea wako taabani.

10/ Ufanye nini?
– Itisha jedwali la ada la kaunti yako, na uangalie kama ada ya ubao imejumlishwa kwenye kibali cha biashara. Usilipe mara mbili.
– Lipa kwa akaunti rasmi pekee na uweke risiti. Kifungu cha 207 kinataka pesa hizo ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, si mkononi mwa mtu.
– Uamuzi wao ukikuumiza, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinakupa haki hiyo.
– Mswada ukija, Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma. Peleka aya moja tu: "Badilisheni maana ya tangazo isiguse karatasi ndani ya dirisha." Aya hiyo ina uzito kuliko hashtegi mia.

11/ Uchaguzi ni Agosti 2027. Anayetaka ugavana au uwakilishi wadi akija kwenu, muulize mambo matatu: Kibao kidogo cha mwenye duka kitatozwa? Mabango yako utayaondoa lini baada ya kura? Na kama hutayaondoa, nani atalipa? Ukimwona anakwepa la tatu, ujue ni wewe.