Mimea ya Asili ya Mchangani na Manufaa Yake

Watu wengi huidhania ardhi ya mchanga kuwa ni ardhi maskini, isiyofaa ila kwa mihogo na minazi. Wakazi wa Keko na sehemu nyingine za Temeke wanaijua ardhi hiyo. Chembe za mchanga ni kubwa, na nafasi zilizo kati yake ni pana. Kwa hiyo maji hupenya upesi, yakachukua na madini ambayo mimea huyahitaji. Ufukweni huongezeka taabu mbili: upepo na chumvi ya bahari.

Hata hivyo, iko mimea ya asili inayostawi katika hali hiyo. Tena, aghalabu sifa ileile iuwezeshayo mmea kuishi mchangani ndiyo iufanyayo umfae binadamu. Tutazame mifano mitatu.

Wa kwanza ni mlakasa (Ipomoea pes-caprae), mmea utambaao ufukweni, wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika nchani mfano wa kwato za mbuzi. Shina lake huweza kutoa mizizi penye vifundo. Ukifunikwa na mchanga, huota mizizi mipya na kuendelea kutambaa. Hivyo huuzuia mchanga usipeperushwe, na mimea mingine hupata mahali pa kuanzia.

Wa pili ni mkoche (Hyphaene compressa), wa jamii moja na mnazi, ila shina lake hugawanyika matawi. Majani yake ni magumu, yenye nyuzi imara, hata upepo hauyaharibu kwa urahisi. Kwa sababu ya nyuzi hizo, majani machanga huchanwa yakawa miyaa, ikasukwa vikapu na majamvi.

Wa tatu ni msandarusi (Hymenaea verrucosa), ambao bado unapatikana katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Mti huu ukijeruhiwa hutoa utomvu unaoziba jeraha, kisha utomvu huo hukauka ukawa mgumu na mng'avu. Hiyo ndiyo sandarusi. Ile iliyozikwa ardhini tangu zamani ilichimbuliwa hata mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua Unguja, ikatumiwa kutengenezea vanishi. Siku hizi vanishi nyingi hutokana na kemikali za viwandani. Lakini seremala wa Keko apakapo kabati vanishi, anafanya kwa mbao kazi ileile ambayo msandarusi hujifanyia wenyewe, yaani kuuziba mti usiharibike.

Mimea hii imo hatarini. Mlakasa hung'olewa ili ufuko uonekane safi, na mchanga ukabaki bila kitu cha kuushika. Misitu ya pwani nayo hukatwa kwa ajili ya mbao, mkaa na mashamba. Mti ukiisha kutoweka, maarifa yake nayo hupotea, kwa kuwa hakuna tena cha kumwonyesha mtoto.

Walimu wa baiolojia wanaweza kuanzia hapa. Darasa na litwae makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja la mchanga na jingine la udongo wa mfinyanzi, limimine maji sawasawa na kupima muda yanaopita. Kisha wanafunzi waende ufukweni wakahesabu vifundo vya mlakasa vilivyoota mizizi, bila kuung'oa. Watakuwa wameona kwa macho yao tatizo la mchanga, na jibu la mmea.