Mambo ya kuzingatia kabla ya kumpa makao mbwa koko

MTU anayetafuta mbwa jijini Nairobi mara nyingi huulizia kwanza wale wa nasaba inayojulikana, kama vile German Shepherd au Rottweiler. Mbwa koko, yaani chotara asiyejulikana baba wala mama, hudharauliwa hata jina lake likageuzwa kuwa tusi.

Hata hivyo, kwa familia inayoishi katika nyumba ndogo, koko mwenye umbo dogo aliyeokolewa mitaani anaweza kuwa chaguo bora. Hula kidogo na hahitaji uwanja mpana. Aidha, kwa kuwa damu yake imechanganyika, huwa na nafuu dhidi ya baadhi ya maradhi ya kurithi yanayowaandama mbwa waliozalishwa ndani ya ukoo mmoja.

Chama cha kutetea na kutunza wanyama nchini Kenya (KSPCA), kilichoanzishwa mwaka 1910 na chenye makao yake Karen, hupokea mbwa na paka waliotupwa au kuteswa na kuwatafutia wenyeji wapya.

Kinachopaswa kupimwa, basi, si nasaba ya mbwa bali uwezo wa mwenyeji. Mbwa mdogo anaweza kuishi zaidi ya miaka 12. Anayemchukua leo kisha akamwachilia mwakani atakuwa amemrudisha barabarani, na madhara yake huwafikia majirani.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na takriban wanne kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wasiofikia umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra sana kupona.

Kwa sababu hiyo, mwulize anayekukabidhi mbwa akuonyeshe kadi ya chanjo. Ikiwa hana, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo kabla hajazoeana na watoto. Kwa kawaida mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa anapofikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Atahitaji pia dawa ya minyoo, kupe na viroboto.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja, hata kama mbwa huyo ni wa nyumbani.

Jambo la pili ni uzazi. Mbwa jike anaweza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na huibeba kwa takriban siku 63 tu. Watoto wake wakikosa wa kuwachukua, huishia jalalani. Kumfunga uzazi, au kumhasi dume, hukomesha mzunguko huo.

Wiki za kwanza huhitaji subira. Mbwa aliyezoea kufukuzwa kwa mawe anaweza kujificha chini ya meza, kukataa chakula au kunguruma akiguswa ghafla. Mwachie pembe tulivu, mlishe kwa saa zile zile kila siku, na uwakataze watoto kumsumbua anapokula au kulala. Wengi huanza kutulia baada ya wiki tatu hivi, ingawa imani kamili huweza kuchukua miezi.

Usimpe chokoleti, vitunguu wala zabibu, kwani ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa matumbo.

Hatimaye, mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba. Mbwa wengi hutupwa si kwa ukali wao, bali kwa kuwa waliowachukua hawakuuliza mapema maswali kama haya.