Kutoka kabureta hadi EFI: kazi kubwa ipo kwenye tangi na nyaya

GARI la kazi ambalo kabureta yake imerekebishwa Dar es Salaam, likaenda vizuri katika barabara za pwani, huanza kusumbua linapopanda mlima Kitonga kuelekea Iringa. Nguvu hupungua, moshi mweusi hutoka kwenye eksozi na harufu ya petroli husikika hadi ndani.

Mara nyingi dereva huilaumu injini na fundi hubadili plagi. Lakini injini inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichobadilika ni hewa. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ile ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Hiyo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wamiliki wa magari ya zamani ya petroli, yakiwemo Toyota Land Cruiser FJ45 yenye injini ya 2F, kufikiria kuondoa kabureta na kufunga mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa na kompyuta, ambao mafundi huuita EFI.

Kazi hiyo inawezekana na imekwisha kufanyika kwa injini hiyo katika nchi mbalimbali. Hata hivyo, anayeianza akidhani kwamba anabadilisha kifaa kimoja kwa kingine hujiingiza katika hasara, na wakati mwingine katika hatari ya moto.

Kabureta haijui ilipo

Kabureta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Hewa inapopita kwenye koo jembamba huongeza kasi, msukumo wake hushuka, na petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo linaloitwa jeti. Ukubwa wa jeti ndio unaoamua kiasi cha petroli.

Petroli huungua vizuri pale kilo moja inapochanganywa na kilo 14.7 za hewa. Gari linapopanda mlimani uzito wa hewa inayoingia hupungua, lakini petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiwango hicho hicho. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi, na ndiyo maana moshi huwa mweusi.

Mfumo wa EFI hautegemei tundu la ukubwa mmoja. Sensa hupima msukumo wa hewa ndani ya manifoldi, joto la hewa hiyo, joto la maji ya injini, mzunguko wa injini na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Kompyuta hukokotoa uzito wa hewa na kuamuru nozeli ifunguke kwa elfu chache tu za sekunde.

Sensa nyingine, iliyofungwa kwenye bomba la eksozi, hupima oksijeni iliyobaki baada ya moto. Ikiona petroli imezidi, kompyuta hupunguza. Ikiona imepungua, huongeza.

Ujuzi huu si mgeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuingiza sokoni mfumo wake wa D-Jetronic mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen, na sensa ya oksijeni ilianza kufungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976.

Toyota yenyewe ilichukua ukoo wa injini za F, ambao 2F iliyoanza mwaka 1975 ni mmoja wao, ikatoa injini ya 3F-E yenye EFI kwa magari ya FJ62 ya mwaka 1988. Kwa maneno mengine, kiwandani kwenyewe ilithibitika kwamba injini za aina hii zinaupokea mfumo huo.

Risasi iliyokuwa ndani ya petroli

Kwa mmiliki wa Afrika Mashariki kulikuwa na kizuizi kingine kwa miaka mingi. Petroli iliyouzwa ilikuwa na madini ya risasi, na risasi huiua sensa ya oksijeni. Sensa ikifa, kompyuta hupoteza jicho lake kwenye eksozi.

Mwaka 2001, nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Senegal, kuiondoa petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa katika ukanda huo. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuiacha kwa magari, mwaka 2021. Leo kizuizi hicho hakipo.

Njia mbili

Mmiliki ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kifaa kimoja chenye nozeli mahali pale pale ilipokuwa kabureta, juu ya manifoldi ya zamani, kwa kutumia bamba la kuunganishia. Ya pili ni kuweka nozeli moja kwa kila silinda, ambayo huhitaji manifoldi nyingine au kutoboa na kuchomelea ile iliyopo.

Njia ya kwanza ni nafuu na rahisi zaidi. Ya pili hugawa petroli kwa usawa zaidi kati ya silinda sita, kwa kuwa katika manifoldi ndefu ya 2F silinda za katikati na za mwisho hazipati kiasi kilekile.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, kilicho juu ya injini ndicho sehemu rahisi ya kazi. Ugumu upo nyuma, kwenye tangi.

Pampu ya zamani inayoendeshwa na injini hutoa msukumo mdogo, kwa kawaida chini ya paundi 6. Mfumo wenye nozeli kwa kila silinda huhitaji takriban paundi 40, na baadhi ya vifaa vipya vya nozeli za pamoja hudai zaidi ya 50. Kwa hiyo pampu ile huondolewa, tundu lake huzibwa kwa bamba, na pampu ya umeme hufungwa.

Tangi la zamani halikutengenezwa kwa kazi hii. Halina kuta za ndani za kuzuia petroli kukimbilia upande mmoja. Kabureta huvumilia hali hiyo kwa kuwa ina akiba kidogo kwenye bakuli lake, lakini pampu ya EFI ikivuta hewa kwa sekunde moja kwenye kona au mlimani, injini hukatika.

Dawa yake ni kuweka pampu ndani ya tangi katika kikombe chake, au kufunga tangi dogo la akiba kabla ya pampu kubwa. Aidha, mifumo mingi huhitaji mrija wa kurudisha tangini petroli isiyotumika, pamoja na filta inayostahimili msukumo huo.

Moto

Hapa ndipo pa kuwa na tahadhari kubwa. Mpira wa kabureta ukipasuka, petroli hudondoka. Mrija wa EFI ukipasuka, petroli hurushwa kama ukungu.

Katika injini ya 2F manifoldi ya hewa na ya eksozi zipo upande mmoja, ya hewa ikiwa juu na ya eksozi chini. Petroli inayovuja kutoka juu huangukia chuma chenye moto. Mipira ya kawaida na vibano vya kukaza kwa bisibisi vilivyotumika kwenye kabureta havifai kabisa. Hutakiwa mirija na vibano vilivyotengenezwa kwa ajili ya EFI.

Kosa jingine ni kuunga pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Pampu inapaswa kupitia relei inayoamriwa na kompyuta, ili injini ikizimika pampu nayo isimame. Gari lililopinduka huku pampu ikiendelea kusukuma petroli huweza kuteketea pamoja na waliomo.

Waya wa ethi na bomba linalovuja

Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ni ya kompyuta hutokana na umeme. Kompyuta husoma tofauti ndogo sana za umeme kutoka kwenye sensa. Ethi iliyoshika kutu kati ya injini, chesesi na betri huzipotosha, na gari huanza kumisi bila mpangilio.

Waya za plagi za zamani zisizo na ukinzani nazo huingiza kelele ya umeme kwenye mfumo, hivyo hubadilishwa. Alternata nayo lazima iwe na uwezo wa kulisha pampu, nozeli na kompyuta wakati taa zimewashwa.

Bomba la eksozi hukaguliwa pia. Tobo dogo kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, sensa huona oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Mmiliki hulalamika kwamba EFI inakula mafuta kuliko kabureta, kumbe tatizo ni eneo la kuchomelea tu. Na kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, kompyuta huchomolewa.

Kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza haigharimu sana: kupima kompresheni ya kila silinda, kurekebisha nafasi za valvu, kutafuta mahali manifoldi inapovuta hewa na kuhakikisha kwamba moto wa plagi unatoka kwa wakati wake. EFI haiwezi kurudisha kompresheni iliyopotea kwa ringi kuchakaa. Magari mengi yanayosemekana kuwa na kabureta mbovu huwa na moja ya kasoro hizo.

Kinachopatikana baada ya kazi kufanywa vizuri ni injini inayowaka mara moja asubuhi ya baridi, isiyozimika kwenye mteremko mkali, na inayokwenda vilevile pwani na nyanda za juu. Nguvu huongezeka kidogo tu, kwa kuwa injini yenyewe ni ile ile.

Kinachopotea nacho kipimwe. Kabureta inaweza kufunguliwa chini ya mti na kusafishwa kwa petroli na pumzi ya mdomo. Pampu ya umeme ikifa mbali na mji, gari halisogei.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari linalofanya kazi vijijini hushauriwa kubeba pampu na relei za akiba, kuweka mchoro wa nyaya ndani ya gari, na kutoitupa kabureta yake. Asiyeweza kugharimia tangi, mirija na nyaya kwa ukamilifu atafaidika zaidi kwa kuifanyia matengenezo kabureta aliyonayo kuliko kufunga nusu ya mfumo.