Ngurumo Ziwani, Ngurumo Msituni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kelele. Sisemi kelele za matatu wala za vipaza sauti vya mahubiri, maana hizo wakazi wa mjini wanazijua vya kutosha. Nasema kelele ambayo watu wazima wenye akili timamu huikumbuka hadi wakalengwalengwa na machozi, na huwa tayari kusafiri mamia ya kilomita ili waisikie tena kwa dakika tano tu. Ni kelele ya injini za ndege za vita zilizofungwa ndani ya boti za mashindano huko Marekani.

Boti hizo huitwa haidropleni. Boti ya kawaida huyalima maji kama jembe linavyolima udongo, na kadiri unavyoiongezea nguvu ndivyo maji yanavyoizuia. Haidropleni imeundwa ili iyakimbie maji. Bila shaka umewahi kumwona mtoto akirusha jiwe bapa, likarukaruka juu ya maji kabla ya kuzama. Siri ni hiyohiyo. Boti ikishika mwendo huinuka, ikabaki inagusa maji mahali patatu tu: mabega mawili madogo ya mbele, na propela ya nyuma ambayo nusu yake imo majini na nusu iko hewani. Hewa hupita chini ya tumbo la boti na kulibeba kama inavyobeba bawa la ndege. Nyuma yake maji hurushwa juu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, na Wamarekani huyaita maji hayo mkia wa jogoo.

Boti iliyoudhihirishia ulimwengu jambo hili ni Slo-mo-shun IV ya mji wa Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mbunifu wake, Ted Jones, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ndege cha Boeing. Mjenzi wake alikuwa Anchor Jensen. Tarehe 26 Juni 1950, katika Ziwa Washington, mwenye boti Stanley Sayres aliikimbiza kwa mwendo wa kilomita 258 kwa saa. Rekodi ya dunia iliyokuwapo, ya Mwingereza Sir Malcolm Campbell, ilikuwa kilomita 228 tangu mwaka 1939. Rekodi ikapanda kilomita 30 kwa siku moja! Mwaka huohuo boti hiyo ikaenda Detroit ikanyakua kombe la Gold Cup, ambalo limekuwa likishindaniwa tangu 1904, na mwaka uliofuata mashindano yenyewe yakahamia Seattle.

Sasa tuje kwenye injini. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, mataifa yaliyoshinda yalibaki na injini za ndege zisizo na kazi. Allison ya Marekani, iliyosukuma ndege kama P-38 na P-40, ilikuwa imeundwa karibu 70,000. Merlin ya kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza, iliyobeba Spitfire, Hurricane, Lancaster na Mustang, iliundwa karibu 150,000, na zaidi ya 55,000 kati ya hizo zilitoka katika kiwanda cha Packard mjini Detroit. Papo hapo injini za jeti zikaingia, na zile za pistoni zikawa mali ya kale kabla hazijachakaa. Mtambo uliokuwa fahari ya jeshi ukauzwa kwa bei ya kutupa, na mtu mwenye gereji na kiu ya mwendo akaweza kuununua.

Hebu tuitazame hiyo Merlin. Ina silinda 12, zilizopangwa safu mbili zinazokutana chini kama herufi V, na ukubwa wake ni lita 27. Msikilizaji anayezikumbuka Peugeot 504 zilizobeba abiria wa safari ndefu na ajue kwamba injini nzima ya lita 2 ya gari lile haifikii ukubwa wa silinda moja tu ya Merlin. Ndani yake mna feni ya kushindilia hewa kwenye silinda, kwa kuwa ndege hupanda mahali ambapo hewa ni nyembamba. Ziwani, ambako hewa ni nzito, mafundi waliitumia feni hiyohiyo kuilazimisha injini itoe nguvu za farasi zaidi ya 2,000. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, injini hiyo huwasha petroli mara 300 kila sekunde, na moshi hutokea kwenye mabomba mafupi yasiyo na sailensa. Tena kuna gia. Katika ndege, gia hupunguza mzunguko ili propela iende polepole kuliko injini. Katika boti, mafundi waliigeuza kazi hiyo, propela ikazunguka karibu mara tatu ya injini. Kelele ya namna hiyo haisikiki kwa masikio peke yake. Huingia kifuani ikakaa huko.

Watu wa Seattle waliipenda kupita kiasi. Katika miaka ya 1950 mji wao haukuwa na timu hata moja katika ligi kuu za taifa, kwa hiyo boti ndizo zilizokuwa timu yao. Watoto walichonga haidropleni za mbao, wakazifunga kamba nyuma ya baiskeli na kushindana mitaani. Ilikuwa ni katika mashindano ya Gold Cup, Agosti 1955, ambapo rubani wa Boeing, Tex Johnston, alipita juu ya ziwa akiijaribu ndege mpya ya jeti ya abiria, akaibiringisha angani mara mbili mbele ya umati. Watu wakashangilia. Sijui wangapi walitambua kwamba waliyokuwa wakiyatazama ni mazishi: jeti juu, na chini yake injini za pistoni zikimaliza siku zao majini.

Nami niliisikia kelele hiyo. Mnamo mwezi wa Agosti 1980 nilikuwa mwanafunzi huko Seattle, nikiwa na nauli ya basi na redio ndogo ya kaseti. Kwanza injini ilikohoa, mara mbili, mara tatu, ikatema moshi wa buluu na ndimi za moto. Kisha silinda zote zikakubaliana. Mashindano haya hayaanzi boti zikiwa zimesimama. Huja zikiwa mbioni, dereva akikadiria saa, na ole wake atakayevuka mstari kabla ya wakati. Zilipokuja pamoja, wazee waliokuwa kando yangu walifumba macho. Walikuwa wakizitambua kwa sikio: hii ni Merlin, ile ni Allison, na ile yenye sauti nzito zaidi ni Griffon, injini nyingine ya Rolls-Royce yenye lita karibu 37. Nikabonyeza kitufe, nikarekodi.

Lakini raha hiyo haikuwa ya bure. Hewa ileile inayoibeba boti ndiyo inayoiua. Pua ikiinuka kidogo kupita kipimo, hewa huingia kwa wingi chini, na boti hupaa ikapinduka kinyumenyume. Tarehe 19 Juni 1966, kwenye Mto Potomac jijini Washington, madereva watatu, Ron Musson, Rex Manchester na Don Wilson, walifariki kwa siku moja. Majuma mawili baadaye Chuck Thompson akafariki Detroit. Oktoba 1981, huko Acapulco nchini Mexico, boti ilimpindua Bill Muncey, bingwa wa mashindano 62 na wa Gold Cup mara 8. Mwaka uliofuata akafuata hasimu wake, Dean Chenoweth, kwenye Mto Columbia. Wote wawili nilikuwa nimewasoma magazetini kama tunavyowasoma wachezaji wa mpira.

Na zaidi ya watu, injini zenyewe zilikuwa zikiisha. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna kiwanda kilichokuwa kikitengeneza Merlin nyingine. Kila wikendi ya mashindano pistoni zilitoboka na vyuma vikapasuka, na mafundi wakavunja injini mbili zilizokufa ili wafufue moja. Mchezo mzima ulikuwa ukiishi kwa kula urithi wa vita ambavyo, kwa bahati njema, havikurudiwa.

Hapo ndipo zilipoingia injini za tabaini, zile zisizo na pistoni, ambazo moto wake huzungusha mapanga kama feni. Nazo pia zilitoka jeshini: ni injini za helikopta kubwa za Chinook. Ni nyepesi kuliko Merlin, zina nguvu zaidi ya farasi 2,500, na haziharibiki ovyo. Mwaka 1982 boti Pay 'n Pak ikawa ya kwanza kushinda kwa tabaini, na miaka ya 1980 ilipokwisha karibu boti zote zilikuwa zimehama. Kuanzia mwaka 1986 madereva nao wakaanza kufunikwa kwa kifuniko kigumu cha chumba cha rubani wa ndege ya kivita ya F-16. Vifo havikukoma kabisa, lakini vilipungua sana.

Sasa tazama kitendawili hiki. Boti zina kasi zaidi, madereva wanarudi kwa watoto wao, na bado watu wananung'unika. Wanasema tabaini hailii, inafyonza tu hewa kama mashine ya kusafisha mazulia. Ndiyo maana huko Kent, karibu na Seattle, kuna makumbusho ya boti za mashindano ambako wapenzi wa mchezo huzifufua boti za kale na kuziwasha tena na injini zake za asili. Kila zinapowashwa watu humiminika. Nawaelewa. Kumbukumbu haichagui kilicho salama, huchagua kilichotutetemesha tulipokuwa vijana.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii, na upande huo uko kwetu. Niliporudi nyumbani nilikuja na ile kaseti. Mjomba wangu alikuwa kijana katika kijiji kimoja kando ya msitu wa Nyandarua wakati wa Hali ya Hatari. Siku moja nikamwekea, nikitaka aone maajabu ya Marekani. Hata dakika moja haikuisha. Akaniuliza, "Hizo ni ndege za nani?" Nikamjibu, "Mjomba, hizo ni boti." Akasema boti hazilii hivyo. Akanyoosha mkono mwenyewe, akazima redio, nasi tukaendelea kunywa chai.

Mjomba hakukosea. Kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi 1955, Waingereza walileta katika kiwanja cha Eastleigh, Nairobi, ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln, wakazituma kushambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Kila Lincoln ilikuwa na injini nne, na injini zenyewe ni Merlin. Basi weka tarehe mbili pamoja. Agosti 1954 maelfu ya watu walikuwa wameketi kando ya Ziwa Washington wakishangilia Gold Cup, boti zikinguruma kwa injini za ndege za vita. Mwaka huohuo, chini ya injini za ukoo huohuo, kulikuwa na watu waliolala kifudifudi kwenye matope ya msitu wakihesabu mabomu.

Siwalaumu watu wa Seattle kwa mapenzi yao. Waliokota chombo cha kuulia wakakifanya chombo cha kuchezea, na laiti kila silaha ingepata mwisho kama huo. Chuma hakina kosa, na hata sauti haina kosa. Maana yake hutegemea ulisimama wapi ulipoisikia: ufukweni ukiwa na soda mkononi, au msituni chini ya mwanzi. Ninachosema ni kwamba anayeitamani sauti ile na aitamani akijua habari yake yote, na sisi tulio na nusu ya pili ya habari hiyo tusiiache ipotee.

Maana hapo, ndugu msikilizaji, ndipo tulipozidiwa. Kule Kent injini zilizobaki zinatunzwa kama mboni ya jicho. Mtu huzipaka mafuta, huandika historia ya kila boti, na humfundisha kijana namna ya kuziwasha. Huku kwetu wale waliozisikia Lincoln kwa masikio yao wamefika umri mkubwa, na kila msimu tunawazika. Hilo nalo ni buyu la asali, na hakuna kiwanda kitakacholijaza tena.

Basi ukienda mashambani mwisho wa mwezi, usikae na mzee kwa habari za bei ya kahawa na siasa peke yake. Muulize alisikia nini angani katika miaka ile, sauti ilitoka upande gani, na watu wa nyumbani walijificha wapi. Kisha ukae kimya umsikilize, na uandike.