Neno Moja, Maana Tatu: Nani Aifunze Tarakilishi?

Katika lugha ya Kifini, neno kuusi ni sita, na pia ni mti wa jamii ya msonobari. Mfini hatatiziki, kwani muktadha humfafanulia. Nasi hatubabaiki tukiambiwa kwamba kaa ameingia shimoni, kaa limemuunguza mtoto, au kaa kitako. Lakini tarakilishi inayopekua orodha ya maktaba huona herufi tu.

Wafini waliamua kuifunza. Kati ya 2003 na 2012, Profesa Eero Hyvönen na wenzake waliongoza mradi wa FinnONTO wa kuunda ontolojia za kitaifa. Hizo ni orodha ambamo kila dhana hupewa anwani yake, huelezwa ni aina ya nini, kisha huambatishwa majina yake kwa Kifini, Kiswidi na Kiingereza.

Maktaba zao zilikuwa na orodha ya istilahi tangu miaka ya 1980, na ungedhani kazi ilikuwa kunakili tu. La hasha! Orodha hiyo iliweka vioo chini ya fanicha, na vioo vya kujipodolea chini ya vioo. Mkutubi haoni kasoro hapo. Tarakilishi, kwa utiifu wake, huhitimisha kwamba kioo kilichomo mkobani mwa bibi ni fanicha, sawa na kabati! Ikabidi wataalamu wazipitie istilahi kwa maelfu, wakiuliza swali lile lile: hiki ni aina ya nini hasa?

Jasho lao halikupotea. Mwaka wa 2004 mikusanyo ya majumba ya makumbusho ya Helsinki, Espoo na Lahti iliweza kutafutwa kwa pamoja. Mwaka wa 2014 Maktaba ya Kitaifa ilifungua huduma ya Finto, ambamo yeyote huchota dhana hizo bila malipo.

Hapa namwomba mwalimu wa Kiswahili anisikilize. Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka wa 1876. Kwa muda mrefu tumegombana kama tuseme tarakilishi au kompyuta. Ugomvi huo, kwa maoni yangu, ni mwepisi: dhana ni moja, anwani ni moja, na majina yote mawili yataambatishwa bila jirani wa Tanzania kununa.

Mzito ni ule wa kioo. Ngonjera ni shairi la majibizano, ila huigizwa jukwaani; je, iwekwe chini ya ushairi au maigizo? Mivigha ni utanzu wa fasihi simulizi, au ni sherehe ambamo tanzu hutendwa? Kila mwaka wanafunzi hutuuliza, nasi huwajibu kila mtu kivyake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo, BAKITA lipo, na vyuo vikuu vipo. Ningependa waanzie papo hapo, kwenye fasihi simulizi, na walimu wa shule za upili waalikwe kikaoni. Hakuna Mfini atakayekuja kutuambia ngonjera tuiweke wapi.