Rekodi za Moshi, Mafuta na Umeme

Kampuni za uchukuzi zinapenda sana maneno "ya kwanza duniani". Kila mwaka utepe unakatwa, picha zinapigwa, na basi, meli au ndege fulani inatangazwa kuwa safi kuliko zote zilizotangulia. Nimezichambua rekodi hizo kwa swali moja tu: nani kapima? Lori likifika mizani ya Vigwaza, dereva haulizwi kabeba tani ngapi. Linapandishwa, linapimwa, basi. Rekodi za mazingira nyingi hazijawahi kupandishwa mizani.

Faini nzito kuliko zote

Tuanze na mkosaji, maana hesabu zake zilikaguliwa mahakamani. Desemba 2016, Princess Cruises, kampuni ya meli za kitalii iliyo chini ya Carnival, ilikubali kulipa Marekani dola milioni 40. Kwa wakati huo hakukuwa na adhabu ya jinai kubwa zaidi ya hiyo kwa kosa la meli kuchafua bahari kwa makusudi.

Kisa chenyewe kinaanzia chini kabisa, kwenye mashine. Kila meli hukusanya maji ya ngama, yaani maji yanayochuruzika hadi chini ya chombo yakiwa yamechanganyika na mafuta ya injini. Sheria ya kimataifa inataka yapitishwe kwenye mtambo wa kuyachuja, na yasimwagwe baharini ila mafuta yakiwa hayazidi sehemu 15 katika milioni. Kinachobaki kinateremshwa bandarini, na huduma hiyo inalipiwa. Sasa, Agosti 2013, injinia mmoja Mwingereza aliyekuwa mgeni kazini kwenye Caribbean Princess aliliona bomba ambalo halikupaswa kuwepo. Mabaharia wanaliita bomba la uchawi: linaukwepa mtambo na kuyapeleka maji machafu moja kwa moja baharini. Akalipiga picha, akatoa taarifa kwa mamlaka za Uingereza, na meli ilipofika Southampton akaacha kazi. Wakubwa zake waliamuru bomba ling'olewe na wafanyakazi wadanganye.

Kilichonishangaza zaidi ni mita. Kwa kuwa kipimo cha mafuta kilikuwa kinarekodi kila kinachopita, walikinywesha maji safi ya bahari ili kumbukumbu isome vizuri. Kwenye kompyuta mambo yalikuwa shwari. Mahakama iliagiza injinia yule apewe dola milioni 1 kutoka kwenye faini, na mwaka 2019 Carnival ikatozwa dola milioni 20 nyingine kwa kukiuka masharti ya uangalizi iliyowekewa.

Mwagiko mkubwa, na ule uliobadilisha sheria

Meli iliyomwaga mafuta mengi kuliko zote ni Atlantic Empress, iliyogongana na meli nyingine karibu na Tobago Julai 1979. Zilipotea tani zipatazo 287,000. Wangapi wanalikumbuka jina hilo? Dunia inaikumbuka Exxon Valdez ya mwaka 1989 huko Alaska, ambayo kwa tani zake takriban 37,000 haimo hata katika ishirini za mwanzo. Lakini mafuta ya Exxon Valdez yalimwagika karibu na pwani na mbele ya kamera, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria iliyozilazimisha meli za mafuta kuwa na kuta mbili.

Jiji lililoaga dizeli mapema kuliko mengine

Shenzhen, kusini mwa China, lilimaliza mwaka 2017 likiwa na mabasi zaidi ya 16,000, yote ya umeme. Hakuna jiji jingine kubwa lililokuwa limefika hapo. Pesa za serikali zilisaidia sana, na BYD, kampuni iliyoyaunda mengi ya mabasi hayo, ni ya hapohapo mjini. Mabasi yakawa kimya kiasi kwamba waendeshaji waliombwa wayaongezee mlio, watu wasije wakayakuta miguuni. Moshi wa mabasi barabarani uliondoka, hilo halina ubishi. Moshi wa mitambo ya makaa inayozalisha sehemu ya umeme huo ni hesabu nyingine, na mabango ya sherehe huwa hayaigusi.

Lori lisilochomekwa

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ya fizikia yake. Katika machimbo ya mawe ya saruji karibu na Biel, Uswisi, lilitengenezwa lori linaloitwa eDumper. Ni Komatsu lililong'olewa injini ya dizeli na kuwekewa betri, na lilipoanza kazi lilitajwa kuwa gari kubwa la umeme la matairi kuliko yote duniani. Likiwa tupu lina uzito wa tani zipatazo 45. Likipakia linapita tani 100. Siri ni mlima: linapanda likiwa tupu, linapakia mawe juu, linashuka likiwa limeshiba. Wakati wa kushuka mota zinageuka jenereta, na uzito wa mawe yenyewe unaijaza betri kwa umeme wa kulipandisha tena.

Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga nyuma ya lori la shaba kutoka Kongo anaijua ile harufu ya breki zinazoungua. Harufu hiyo ndiyo nguvu ambayo Waswisi wanaiokota. Kweli, njia yetu si machimbo: malori yanashuka na shaba kwenda Dar es Salaam na yanapanda na mafuta na bidhaa, kwa hiyo hesabu haiwezi kutoka sare. Hata hivyo, kinachoachwa pale mteremkoni si kidogo.

Kona iliyookoa mafuta mengi

UPS, kampuni ya vifurushi ya Marekani, imewafundisha madereva wake, tangu miaka ya 1970, wakwepe kupinda kushoto inapowezekana. Kule magari yanapita kulia, hivyo anayepinda kushoto lazima asubiri yanayokuja mbele yamalizike, injini ikinguruma bure. Huku kwetu kona ya kukwepa ingekuwa ya kulia. Baadaye kampuni iliikabidhi kazi ya kupanga njia kwa programu iitwayo ORION, na inasema inaokoa takriban galoni milioni 10 za mafuta kwa mwaka. Ni takwimu yake yenyewe, nakubali. Lakini mafuta yana risiti, na hakuna mhasibu anayeifurahia risiti kubwa.

Baharini mbinu ya aina hiyo ni kupunguza mwendo. Meli ikipunguza kasi kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika inashuka kwa zaidi ya robo. Hata ukiingiza muda wa safari ulioongezeka, akiba inabaki karibu asilimia 19. Hakuna anayekatiwa utepe kwa kwenda polepole.

Kivuko cha kwanza, na kikubwa

Kivuko Ampere cha Norway kilianza mwaka 2015 kuvusha magari 120 kati ya Lavik na Oppedal kwa betri tupu. Umeme wa vijiji hivyo ulikuwa hafifu, kwa hiyo waliweka betri nyingine kila gati: zinajaa taratibu pantoni ikiwa safarini, kisha zinaimiminia umeme kwa dakika chache ikitia nanga. Miaka kumi baadaye, Mei 2025, kivuko kiitwacho China Zorrilla kilishushwa majini Tasmania kikiwa na tani 250 za betri, kwa ajili ya njia ya Argentina na Uruguay.

Tangazo lililozuiwa

Mwaka 2019 kampuni ya ndege ya Ryanair iliingia kwenye orodha ya wachafuzi kumi wakubwa wa hewa ukaa Ulaya, mahali palipokuwa pa mitambo ya makaa pekee. Wakati huo ilikuwa inajitangaza kuwa shirika kubwa la ndege lenye hewa ukaa kidogo kuliko mengine. Februari 2020 msimamizi wa matangazo Uingereza alilipiga marufuku tangazo hilo kwa kukosa ushahidi. KLM nayo ilishindwa mahakamani Amsterdam Machi 2024 kwa matangazo kama hayo. Haki yao tuwape: ndege mpya iliyojaa hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria. Angani, hata hivyo, kinachoongezeka ni jumla.

Za barani kwetu

Ethiopia, mwaka 2024, ilikuwa nchi ya kwanza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Mwaka huohuo Dakar ikaanza mwendokasi wa umeme mtupu, mabasi 121. Kigali nayo, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi isipokuwa ya umeme: dereva anafika kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anaingiza iliyojaa, anaondoka.

Dar es Salaam lilikuwa jiji la kwanza la Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya mwaka 2018, kwa mwendokasi wa dizeli. Baadhi yetu tulicheka, kwa kosa. Basi refu lililojaa, lenye njia yake, huchafua hewa kidogo kwa kila abiria kuliko daladala kumi zilizonasa kwenye foleni. Shida ilikuwa karakana kujengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, ambako mafuriko yaliyaharibu mabasi mengi. Na basi likiwa limelala gereji, abiria wake yuko juu ya bodaboda.